Kabla Umwambie Akutumie Video ya Theluji

Jana usiku Anti yangu alinitumia skrinshoti. Ilikuwa ramani ya Massachusetts imepakwa rangi ya waridi na zambarau kama keki ya bathdei, na juu yake nambari: inchi 12 hadi 18. Theluji inaanza Jumapili jioni, inaendelea usiku wote, na upepo juu yake. Chini aliandika maneno matatu tu: "Hii ndio inakuja."

Mimi nikajibu vile wewe pia ungejibu. Emoji tatu za kucheka, halafu: "Anti, nichukulie video poa niposti."

Alikaa kama dakika kumi. Halafu akarudisha: "Jumapili niko shifti ya usiku, baba."

Nikaskia vibaya. Lakini kitu iliniuma kabisa si hiyo. Niliposkrola juu kidogo nikaona ujumbe wangu wa mwisho kabla ya huo, wa Jumatano, nikimuomba elfu kumi na nane ya kununua taa na maiki. Yaani kwa hiyo chat nzima, kati ya Jumatano na jana, mimi nimeomba vitu viwili: pesa na video. Sijauliza kama amelala.

So leo sitafanya utani wa theluji. Wale mlikuja kucheka, mtanisamehe, rudini kesho. Leo nataka tuongelee hii maneno vizuri, ju naona karibu sisi wote tuna mtu huko na karibu sisi wote tunaiona vibaya.

Tuanze na ukweli: Mkenya hajui theluji. Tunaiona kwa sinema na kwa kilele cha Mlima Kenya siku hakuna mawingu. Mnakumbuka ile ya Septemba 2008, pale Busara karibu na Nyahururu? Wengi wenu mlikuwa watoto, lakini muulizeni wazazi. Mlima mzima uligeuka mweupe, watu wakatoka nyumbani wakaanza kuchezea, wengine wakabeba kwa ndoo. Nchi nzima ikasema theluji imefika Kenya. Watu wa idara ya hali ya hewa wakaja wakasema hapana, hiyo ni mvua ya mawe imeshikana. Lakini furaha ilikuwa ya kweli. Sisi theluji kwetu ni sherehe. Ni kitu unapigia picha.

Sasa chukua inchi 18. Hiyo ni kama sentimita 45, inafika hapo chini ya goti. Si mbaya, unasema, nitaruka. Sawa, lakini hiyo ni theluji imetulia mahali pamoja. Ukiongeza upepo, haitulii. Inatoka barabarani inarundikana kwa mlango wako, kwa gari lako, na mahali ingine inapita kiuno. Na upepo wa hizi dhoruba za pwani ya Marekani unatoka kaskazini mashariki. Upande ule ule wa kaskazi yetu ya Mombasa, lakini hiyo yao haileti embe na jua. Inabeba unyevu wa bahari ya Atlantiki, ikutane na baridi kutoka Kanada, halafu yote ianguke juu ya watu.

Kuna mtu atauliza, mbona waseme 12 hadi 18, si wachague moja? Ju theluji ni ngumu kupima kabla ianguke. Kwa kawaida inchi moja ya maji inatoa kama inchi kumi za theluji, lakini baridi ikizidi inatoa zaidi, na joto likipanda kidogo tu unapata mvua na matope. Dhoruba ikisogea kilomita chache kuingia baharini, mji mmoja unapata ya goti na mwingine unapata ya kufuta na viatu. Ndio maana watu wa hali ya hewa huko wana hatua zao. Kwanza wanakwambia kaa chonjo, huenda ikaja. Halafu wanakwambia inakuja, jipange. Na wakisema neno lenyewe kubwa, la dhoruba kali ya theluji, lina masharti: upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, huoni mbele zaidi ya mita 400, na hiyo hali ikae saa tatu bila kuachilia.

Kwa hivyo tabiri iko. Na ni nzuri. Hilo ndilo nataka ushike, ju hapa ndio hoja yangu inaanza: shida ya watu kufa kwa theluji mara nyingi si kwamba hawakuambiwa.

Chukua Buffalo, New York, Desemba 2022. Siku kadhaa kabla ya Krismasi watu wa hali ya hewa walisema wazi hii si ya kawaida, ni ile unaona mara moja kwa kizazi. Ikaja kweli. Hali ya kutoona mbele ilikaa saa 37 mfululizo. Kwa uwanja wa ndege walipima karibu inchi 52 kwa zile siku. Zaidi ya watu 40 walikufa. Wengine walipatikana nje, wengine ndani ya magari yao, wengine nyumbani ju stima na hita zilizima, wengine moyo ulikataa wakichota theluji na koleo, na wengine waliita ambulensi ikakwama njiani. Magari ya kuokoa watu yenyewe yalihitaji kuokolewa.

Sasa skiza hii. Amri ya kukataza watu kuendesha magari ilianza kufanya kazi Ijumaa, Desemba 23, saa tatu na nusu asubuhi. Saa tatu na nusu! Mtu wa kazi amefika kazini zamani. Ameacha watoto, amepiga ripoti, amevaa yunifomu. Ndio sasa unamwambia usitoke kwa nyumba. Nyumba gani? Walilaumiwa sana kwa hiyo, na ni haki. Na ndani ya jiji, wengi wa waliokufa walikuwa watu weusi, wakati kwa hiyo kaunti watu weusi ni wachache. Dhoruba haikuchagua rangi. Lakini mtaa usiofikiwa haraka na mashine za kusukuma theluji, nyumba ya zamani inapitisha baridi, kazi isiyokubali ukose, hizo zilichaguliwa na binadamu.

Massachusetts kwenyewe kuna stori kama hiyo, ya zamani zaidi. Februari 1978. Theluji ilitabiriwa, lakini asubuhi watu wakaamka wakaona haijaanza. Wakasema ah, hawa watu wa hali ya hewa tena. Wakaenda kazini. Ikaanza wakiwa huko, ikamwagika haraka kuliko magari yanavyoweza kurudi nyumbani. Barabara kuu inayozunguka Boston, Route 128, ikabaki na maelfu ya magari yamezikwa. Kuna watu walikufa ndani ya hayo magari wakiwa wamewasha injini wapate joto, ju theluji iliziba egzosi na ule moshi ukarudi ndani. Boston ilipata inchi 27.

Halafu linganisha na Februari 2013. Dhoruba karibu ya ukubwa huo, kama inchi 25 Boston. Gavana wa wakati huo, Deval Patrick, akatangaza mchana wa Ijumaa kwamba kuanzia saa kumi jioni hakuna mtu barabarani jimbo lote. Ukipatikana, faini au hata jela. Watu wakalalamika kwamba serikali imezidi. Lakini barabara zikabaki tupu, mashine zikafanya kazi, na hatukuona tena maelfu ya watu wamezikwa kwa magari yao. Kwa hivyo inawezekana. Ukiambia watu mapema na umaanishe, wanabaki hai.

Lakini ile amri ilikuwa na orodha ya wale haiwahusu. Polisi, wazima moto, watu wa stima, watu wa barabara, waandishi wa habari. Na wafanyakazi wa afya.

Wafanyakazi wa afya ni nani kwa Lowell, kwa Worcester, kwa vitongoji vya Boston? Ni akina Anti yangu. Ukitoka Massachusetts uende Minnesota, kule Brooklyn Park, ni wao tena. Wakenya wengi sana wanaofika Marekani wanaanzia kwa kazi ya kutunza wazee na wagonjwa, ju ndiyo kazi inakupokea na cheti cha wiki chache. Kuogesha, kulisha, kugeuza mzee kila saa mbili asipate vidonda. Ni kazi ya heshima kuliko nyingi mnazotamani. Lakini theluji ikija, dunia nzima inaambiwa kaa ndani, halafu kuna mstari mdogo pale chini: isipokuwa wewe.

Najua mtasema nini, ju nimeshajiambia mimi mwenyewe.

Ya kwanza: "Si alichagua kwenda?" Kweli, alichagua. Lakini alichagua kazi, hakuchagua kuendesha gari usiku wakati haoni mbele ya boneti. Sheria ya kazi ya serikali kuu ya Marekani haina kanuni maalum ya kufanya kazi kwa baridi. Na ukiwa unalipwa kwa saa, hiyo sheria haimlazimishi bosi akulipe saa ambazo hukufanya. Kwa hivyo "kaa nyumbani" kwa mtu wa mshahara wa mwezi ni kulala na chai ya moto. Kwa Anti ni kukatwa.

Ya pili: "Lakini analipwa dola." Haya, tufanye hesabu. Tuseme dola 20 kwa saa. Usiku mzima wa saa nane ni dola 160 kabla ya kodi, kama elfu ishirini na kitu ya hapa. Sasa rudi kwa ujumbe wangu wa Jumatano. Elfu kumi na nane. Yaani usiku mmoja wa Anti, na theluji yake, na barabara yake, ndio taa yangu na maiki, na chenji ya soda. Sikuwa nimewahi kuifanya hiyo hesabu. Na huyu ni yule yule alinilipia fee ya kampasi semista nne kabla niache. Hajawahi kunirushia hiyo kwa uso hata siku moja, na naapa wakati mwingine natamani angerusha.

Ya tatu ndiyo ngumu, na sina jibu rahisi: "Wote wakibaki nyumbani, wale wazee wataachiwa nani?" Hili ni swali la haki. Mzee wa miaka tisini hawezi kujigeuza ju kuna theluji. Na nilipompigia Anti leo, hiyo ndiyo kitu ya kwanza alisema. Hakusema pesa. Alisema, "Kuna bibi mmoja huko hali mpaka nimlishe mimi." Kwa hivyo msiseme nawaambia wafanyakazi wagome. Mtu lazima aende.

Lakini kama mtu lazima aende, basi asiachiwe gharama yote yeye peke yake. Dhoruba inajulikana siku tatu, nne mapema. Ramani iko na rangi zake zote. Kituo cha wazee kinachojua Jumapili usiku barabara hazitapitika kinaweza kupanga Ijumaa: watu wa shifti waingie mchana kabla ianze, wapewe kitanda cha kukunja na chakula, walipwe hizo saa wamefungiwa, na asitolewe mtu nje asubuhi mpaka barabara isafishwe. Vituo vingine hufanya hivyo. Si miujiza. Tabiri ikishakwambia siku na saa, huwezi kusema tena ni ajali. Hapo ni wewe hujapanga.

Na kabla tuinue pua tuseme Wamarekani hawa, tukumbuke kwetu. Mvua za 2024. Idara yetu ya hali ya hewa ilikuwa inatoa tahadhari za mvua kubwa, tulizisoma, wengine tukazifanyia vichekesho. Aprili na Mei watu zaidi ya 200 wakafa kwa mafuriko. Mathare watu waliambiwa hameni kando ya mto. Wahame waende wapi, na nauli gani, na nani analinda vitu? Halafu asubuhi bado wanangojewa kazini Industrial Area wakiwa wamelowa. Ni stori ile ile, maji tu badala ya theluji. Kumwambia mtu hatari inakuja bila kumpa njia ya kukaa kando ni kumpa habari tu. Hujamwokoa bado.

Kwa hivyo mimi naona kuna kazi ya watu watatu hapa.

Bosi nimeshamwongelea.

Wa pili ni sisi wa nyumbani. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 5, na Marekani ndiyo iliongoza. Tunapenda kuisema hiyo nambari kama ni mahindi yameota kwa shamba la serikali. Hiyo pesa ni shifti. Ni za usiku, za Krismasi, na nyingine ni za theluji. Mtu akiwa na fee ya watoto wawili ocha, hospitali ya nyanya, harambee ya mazishi na maiki ya mpwa wake, anaenda kazini hata mbingu zikianguka. Sisi ni sehemu ya ule upepo unaomsukuma atoke nje. Sisemi usiombe kabisa, najua maisha ni magumu na fee haingoji. Nasema uliza kwanza wiki yake iko aje. Na kama ombi lako ni la kitu kinaweza kungoja, liambie lingoje mpaka theluji iyeyuke.

Wa tatu ni sisi watu wa kontenti. Zile video za "Mkenya aonja theluji mara ya kwanza" zinaenda, najua, nimeposti tatu. Hakuna ubaya mtu kucheka. Lakini tunatengeneza picha moja tu, ya mtu amevaa koti jeupe anarusha mpira wa barafu. Halafu kijana wa miaka kumi na tisa hapa anadhani huko ni sherehe, na akifika akakuta ni kuwasha gari saa nne usiku na mikono imekufa ganzi, anaona haya kusema. Ndio maana wengi wao hawasemi. Wanatuma picha wakiwa wanacheka, sisi tunaandika "form ni gani, omoka na sisi", na mchezo unaendelea.

Kama uko na mtu huko na hii dhoruba inamhusu, mtumie hii sehemu, ni ya maana kuliko emoji. Asitoke kama si lazima. Kama ni lazima, atoke kabla ianze. Tangi iwe imejaa, simu iwe na chaji, kwa gari kuwe na blanketi, maji, kitu ya kutafuna na koleo. Akikwama, abaki ndani ya gari, asianze kutembea mahali haoni, watu wanapotea mita chache kutoka mlangoni. Awashe injini kama dakika kumi kila saa, si muda wote, na kila mara kabla awashe ahakikishe theluji haijaziba egzosi, halafu afungue dirisha kidogo. Nyumbani, stima ikipotea, asiwashe jiko la makaa wala jenereta ndani. Ile gesi ya sumu iliyo kwa ule moshi haina harufu na haiamshi mtu.

Na kuna mambo mazuri pia hutokea. Ile ya Buffalo, kuna mwanamume alikwama, akagongea watu nyumba wakakataa kumfungulia, akalala kwa gari. Asubuhi akavunja dirisha la shule iliyokuwa karibu, akaanza kukusanya wengine waliokwama, wakafika 24. Wakala chakula cha shule, wakapata joto, wakabaki hai. Wakati wa kuondoka akaacha barua ya kuomba msamaha kwa dirisha. Mimi hiyo barua huniua. Mtu ameokoa watu 24 na bado anaona ana deni la kioo. Na wale walifungua ramani Alhamisi wakaona kila kitu, hawakuandika barua yoyote.

Turudi kwa Anti. Nilimpigia leo asubuhi, kwake ilikuwa bado usiku, alikuwa ametoka kuoga aende kulala. Amesema ameongea na msimamizi wake. Ataingia Jumapili mchana kabla ianze, na atangojea huko mpaka saa tano usiku shifti ianze. Vitanda hakuna. Kuna kile kiti cha kuegemea kwa chumba cha wazee cha kutazama TV, atalala hapo. Hizo saa za kungoja hawalipi. Nikamuuliza kama ni sawa. Akasema, "Ni afadhali kuliko barabara." Hiyo ndiyo imekuwa mipango yetu, afadhali.

Nikamwambia pia asitume ile pesa. Akacheka. Akasema, "Wewe kijana, hiyo ndiyo kitu ya kwanza umewahi kuniomba ya kazi." Nikakosa la kusema. Nikamwambia basi ingoje Machi.

Jumapili usiku wa huko ni Jumatatu asubuhi ya hapa. Nitakuwa macho. Nimemwambia asichukue video yoyote, anitumie ujumbe mmoja tu akishafika ndani, na mwingine akirudi kwake.

Wewe je, una nani huko? Na ujumbe wako wa mwisho kwake ulikuwa unaomba nini? Nenda uangalie. Mimi niliangalia.